Maternité Inavuka Reli

Kamina, tarehe 3 mwezi wa tatu 2025

Yaya Naomie,

Kama kule Luena unasikia kama Kamina ingali inasimama, uyue ni minyi njo ninaishika. Sikudanganye. Mu hii muji hakuna muntu anatosha French yenye kukimbia kama yangu. Hakuna pikipiki inapita mu matope ya soko na suruali ya mwenyewe inabaki mweupe, isipokuwa yangu. Nikicheka pa soko, bamama ba fretin, tusamaki twa kukauka, banasahau bei. Ni kweli, masomo nilifika tu troisième. Lakini troisième nilifanya mara mbili, na ukijumlisha, inapita quatrième. Nilimuambia préfet wa masomo vile, akanifukuza.

Njo maana comité ya santé ya quartier yetu imenichagua porte-parole, niseme kwa jina ya bote. Usicheke, mutoto ataruka mu tumbo.

Sikia mambo yenyewe. Bureau ya santé inataka kutosha maternité mu centre yetu na kuipeleka ng'ambo ya reli, mu nyumba ya mupya yenye carreaux. Kwetu batatuachia kuchomwa chanjo na kupimwa homa. Nyumba ni muzuri, sikatae, hata minyi ningezaa mule. Lakini weye unayua reli yetu. Train ya mizigo ikisimama pale njia inakata reli, inalala kama nyoka yenye kumeza mbuzi. Sisi bengine tunapita chini ya wagon. Mama mwenye uchungu atapita chini ya wagon namna gani?

Sheria inasema conseil ya commune isikie quartier mbele ya kusema ndiyo. Session iko tarehe 20. Papa Banza, président wa comité, kifua yake inamusumbua, akisema neno moja anakohoa mara mbili. Basi balizungusha macho, wakatafuta kinywa kubwa. Haikukawia.

Kwa hiyo tulia. Mwezi wa tano utakuja kuzaa kwa mukunga wetu Mama Lucienne, mu kitanda yake ile ile, hatua chache na parcelle yetu. Minyi njo ninasema vile. Bale baconseillers batakwenda kujificha chini ya meza.

Kuko na kintu ingine ya furaha, lakini si ya kuandika. Mupe semeki Lazare, bwana yako, pole ya kubeba hii mikanda, hizi barua zetu, mu train sawa vile wakati ya bankambo. Lakini nani alikuambia kufua na simu mu mufuko?

Mudogo yako,
Ézéchias Mwenze, PORTE-PAROLE (uiandike ku enveloppe)


Luena, tarehe 9 mwezi wa tatu

Ku Ézéchias, porte-parole wa bakuku,

Enveloppe nimeandika jina yako tu. Ile ingine utaistahili kwanza.

Nimecheka, ni kweli. Lazare naye alicheka mpaka akamwanga chai. Lakini kisha kucheka nilikaa na mukanda yako ku magoti, na sikucheka tena.

Weye ulikuwa mutoto wakati ninazaa Nyembo. Haukuona. Damu ilikataa kusimama, na Mama Lucienne alitia mukono yake ndani yangu na akaushika mule, anaomba Bikira Maria na anatukana, anaomba na anatukana, mpaka damu ikasikia. Mwaka ule mwingine nilizaa hapa Luena. Minyi nilipona. Mutoto, weye mwenyewe ulikuja kumuzika. Docteur alisema: mama, mara ingine usiwe mbali na muntu anayeyua mwili yako. Kwangu uchungu haingojake. Inakuja na damu inafuata. Ukiniweka nyuma ya train moja, basi Lazare atafute bibi mwingine.

Njo maana ninakuomba, na si kuomba kwa mchezo. Ukisimama mule mu salle, acha French yako yenye kukimbia. Sema reli. Sema bamama. Sema: sisi hatukatae nyumba ya mupya, tunakataa kuzalia mu majani. Kisha ukae chini. Usianze kuelezea pikipiki yako.

Na neno ingine. Nasikia siku hizi unavaa shati ya kunyoroshwa hadi mikunjo inakata. Nani anakunyoroshea? Sikia muzuri. Mama akikufa aliniwekea weye mu mikono. Siku ya kupiga hodi ku mulango ya watu kwa kuomba bibi, minyi njo nitatangulia. Ukipiga hodi bila minyi, nitakuya na tumbo yangu hii kukupiga mbele ya bakwe zako.

Kula muzuri. Bukari na sombe haitoshe, ununue samaki.

Yaya yako,
Naomie


Kamina, tarehe 22 mwezi wa tatu

Yaya,

Hii nchi itatuua na kasirani.

Tulikwenda. Nilivaa cravate. Salle ilijaa, bamama bengine babili ku kiti moja. Nilikuwa na maneno yangu yote mu kichwa, reli, majani, yote vile ulisema, na minyi niliongeza kidogo chumvi. Sasa wakati yangu inafika tu, courant ikakatika. Pap! Micro ikakufa. Salle giza. Baconseillers, weye unabayua, balianza kutafuta mulango juu saa ya kula ilifika. Mu ile fujo mumoja akasema: kuko na neno? Nani atajibu mu giza? Wakainua mikono. Imekwisha. Avis favorable, conseil imekubali. Maternité inavuka.

Namna gani bantu banapiga vote bila kuonana sura? Ninauliza tu. Kisha utasikia ku radio banasema "population ilisikiwa." Nani alisikiwa? Masikio yabo iko mu tumbo!

Nilitaka kuvunja kiti. Bamama njo balinishika. Ulizia.

Usiwaze. Nitaandika recours, malalamiko ya kupinga ile vote. Nitaiandika na French ya kuuma.

Mudogo yako,
Ézéchias


Luena, tarehe 30 mwezi wa tatu

Ézéchias,

Uliniambia nisiwaze, basi nikafanya kazi. Kiliko nikae na kulia, niliazima simu ya jirani na nikatafuta Mama Lucienne. Nilimuambia: mama, kama courant ilikatika, ile vote haina nguvu, Papa Banza apeleke malalamiko ku commune, aseme bantu balikuwa mu giza.

Akasema: "Naomie, courant gani? Ilikuwa saa tano ya asubuhi. Madirisha yote ilikuwa wazi. Jua ilikuwa inatuchoma mu macho."

Nilisikia haya mpaka ku vidole ya miguu. Jirani alikuwa anasikiliza.

Nikamuuliza: sasa Ézéchias alisema nini? Akajibu: "Umuulize mwenyewe. Minyi ninakula mushahara ya bureau, siku ile nilikaa nyuma kabisa na kinywa yangu kufungwa. Lakini yake haikufungwa na muntu."

Basi ninakuuliza mwenyewe. Ulisema nini?

Naomie


Kamina, tarehe 13 mwezi wa ine

Yaya,

Unaanza kuniweka ku tribunal na simu ya jirani? Minyi mudogo yako wa tumbo moja?

Sawa. Courant haikukatika. Nilisema vile juu ya kukupunguzia maumivu, sababu kweli yenyewe ni ya mabaya zaidi. Sauti yangu njo ilikauka. Usiku mbele ya session nilifanya répétition mingi ku parking ya pikipiki, bamotards bananipigia makofi, nikapiga kelele mpaka shingo ikavimba. Asubuhi, hakuna sauti. Kama bata. Ni bahati mbaya tu, hata bashairi, hata bapadri inabafikia.

Na ile conseil ingenisikia hata na sauti ya tarumbeta? Dossier ilikuja yenye kupikwa, bao banakuja kuonja tu.

Kuko na ya mabaya zaidi. Balihamisha kitanda juma iliyopita. Bakinga, bale ba velo za mizigo, balipakia matelas, balance ya kupimia batoto, na ile meza ya Mama Lucienne. Hakukuwa njia ya kuifunga meza ku kinga, basi wakaniita minyi. Yaya, niliibeba ku pikipiki yangu mwenyewe. Bantu ba quartier balisimama ku njia banatuangalia sawa vile tunapitisha maiti. Hakuna aliyenisalimia. Minyi, Ézéchias!

Siku ya ine ya juma, Kyabu, mutoto wa Mama Mwila wa fretin, akashikwa na uchungu. Nilimubeba, mama yake nyuma akimushika. Tunafika pa reli: train ya mizigo. Inalala. Nikaenda kwa mulinzi.

"Papa, hii inatoka saa ngapi?"

"Ikipata machine ya kuivuta."

"Machine iko wapi?"

"Mu njia."

"Njia ya wapi?"

"Kijana, unaniuliza sawa vile train ni ya baba yangu."

Bamama bakakunjua vitenge kuwa ukuta. Kyabu alizaa mu majani, pembeni ya mawe ya reli. Mutoto mwanaume, yuko salama, analia kama honi. Lakini Kyabu alitoka damu mingi. Mama Lucienne alipita chini ya wagon na blouse yake mweupe, akatoka ng'ambo yetu mweusi na mafuta, akamushika. Sasa Kyabu iko ku hôpital général. Banasema atapona. Banasema.

Mama Mwila haniuzie tena. Ninasema "fretin", anajibu "imekwisha," na beseni iko imejaa mbele yetu sisi wote.

Nimechoka, yaya. Nilienda ku commune juu ya recours, kijana mumoja akaniambia rudia kesho. Nikarudia. Akaniambia muntu wa muhuri iko Kaniama. Nikamuuliza: na muhuri? Akasema: naye.

Kuja tu. Nitapata njia.

Ézéchias


Luena, tarehe 21 mwezi wa ine

Ézéchias,

Mukanda yako niliisoma mu mulango, nikakaa chini pale pale.

Sikuje Kamina. Nitazaa hapa. Mama ya Lazare atakuwa pembeni yangu, na Mungu akipenda. Kama ni kufa, nife mu kitanda, siyo mu mawe ya reli bantu banashika vitenge.

Courant. Kisha sauti. Mara ingine itakuwa nini, mvua? Lazare alikuona ku gare siku ile ile ya session, saa saba. Ulimupigia kelele toka mbali, "Semeki! Semeki!" mpaka chef de gare akageuka. Hakusema mbele juu hakutaka kutia moto kati yetu. Bata hapige kelele vile.

Sikukasirikie juu quartier ilishindwa. Bantu banashindwanga. Lakini minyi ninabeba huyu mutoto, na sijui kama nilishindwa na conseil ao na mudogo yangu. Unielewe: nikilala ninawaza ile tu. Usiniandikie tena kama si kwa kunijibu.

Naomie


Kamina, tarehe 2 mwezi wa tano

Yaya Naomie,

Mukanda hii niliianza mara mingi. Kila mara inaanza na kusifu pikipiki, ninaipasua.

Exaucée njo ananyorosha mashati yangu. Iko mutoto wa camp, ku base, baba yake alikuwa soda wa jeshi, alikufa. Mwezi wa pili nilipiga hodi kwabo na bandugu ba parking pamoja na muzee mumoja, akajidai nkambo yetu. Bila weye. Balinipokea. Nilikuogopa, nikaficha. Ile njo "kintu ya furaha."

Sasa sikia siku ya session. Niliingia wa kwanza, nikakaa mbele, cravate, mugongo sawa vile nguzo. Commission ya santé inaongozwanga na Papa Kasongo. Siku ile alikwenda Kaniama ku kilio. Mulango ya nyuma ikafunguka, na mwenye kukuja kukaa pa kiti yake alikuwa Conseillère Likoke. Mama ya Exaucée. Bukwe yangu, yaya! Mbele yangu, sura kwa sura.

Weye ulinilea, unayua. Muluba gani wa kwetu anasimama mbele ya bukwe na kutosha sauti, na kumupinga tena mbele ya bantu, mbele hata mali ya ndoa haijatoka? Ukimukuta mu njia unaingia mu majani. Nilijikuta nyuma ya mugongo ya Papa Banza, ninaangalia viatu.

Bukwe akaita: "Porte-parole ya quartier!" Papa Banza akageuka kunitafuta, kikohozi ikamushika. Akaita tena na jina: "Mwenze Ézéchias!" Niliinama zaidi. Kisha nikatoka mu mulango ya pembeni kama kuku anakimbia mvua, nikakaa chini ya dirisha. Toka pale nilimusikia anauliza: "Quartier haina neno?" Akangoja. Alingoja mrefu, yaya. Kisha secrétaire akasoma vile ameandika: quartier haina neno.

Juma iliyopita Conseillère mwenyewe alikuja ku parking. Niliruka nyuma ya mti. Akacheka, kisha hakucheka tena.

"Toka mule, mwana na ngai, mutoto wangu. Unanikimbia juu ya nini?"

Nilijibu na mugongo. "Mama, heshima. Desturi ya bukwe."

"Minyi nilizaliwa mu camp, nikakulia mu camp. Bukwe iko ku nyumba yangu, ku sahani. Mu salle niko conseillère. Ile kiti unafikiri niliikalia juu ya nini? Nilisoma ile dossier, nikaona reli. Nilihitaji muntu mumoja wa quartier aseme hapana, nirudishe dossier ku bureau. Mumoja tu! Exaucée aliniambia uko na kinywa."

Nikamuuliza kama tunaweza kurudia. Akasema avis ilikwenda, imetiwa muhuri, conseil haifungue tena mbele ya session ya mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa, yaya. Mutoto wako atakuwa anajigeuza mwenyewe.

Basi hivi tumefanya. Ng'ambo ya reli, nyuma ya nyumba ya mupya, Exaucée amepata chumba kwa mama mumoja wa chorale. Utakuja mbele ya wakati, utalala ng'ambo ile ile na Mama Lucienne, train ilale namna inataka. Bale bengine ba quartier hawana chumba, ninayua. Minyi nalala pa reli na pikipiki kila siku ya train, nazungusha bamama na njia ya daraja, mbali, mbele uchungu ikazane, na sitoze. Usifikiri nakuandikia hii kwa kujisifu. Kyabu alirudia ku nyumba, lakini hasimame bado mrefu.

Unaweza kukataa chumba. Unaweza kukuja na kunipiga mbele ya bakwe, sasa unabayua. Lakini uliniuliza, na nimekujibu nusu.

Ungesoma hapa, ungesema: basi ni desturi njo ilimufunga, mutoto wa watu. Minyi pia nilijiambia vile. Haiko vile. Bukwe inakataza mudomo yako, haikataze ya mwingine. Kwetu ukiwa na neno kwa bukwe, unalipitisha ku kinywa ya muntu. Kila mutoto anayua.

Mbele nitoke mu salle, Mama Mwila alikuwa pembeni yangu. Ni mama wa kwetu, aliona vile nimejificha, hakuniuliza kintu. Aliinua mukono aseme. Secrétaire akamuambia: jina ni ya Ézéchias, yeye njo akupe nafasi. Mama Mwila akanigeukia, akanongona: "Mwanangu, nipe. Minyi nitasema reli, ninaiyua."

Ilikuwa tu kuinua kichwa. Yaya, na nilifikiria nini? Nilifikiria ku parking batasema mama wa fretin njo aliokoa maternité.

Nilimuambia: "Acha. Nitasema mwenyewe."

Ézéchias